JIHADHARINI NA MWIZI WA JINA

Mazungumzo ya Kamati ya Elimu kwa wanachama wa chama chetu cha ushirika, Segera. Waliokuwa shamba na wasiosoma wasomewe.



Tumezoea wizi wa kuku, wizi wa mahindi shambani, na wizi wa mizigo pale njia panda, magari ya Tanga yanapoachana na ya Moshi. Wizi huo una alama zake: ukiamka unakuta banda liko wazi. Leo tunazungumzia wizi usioacha alama. Mwizi huyu anachukua jina lako. Wewe unalima, unauza, unalala, kumbe kuna mtu mahali anatumia jina lako kuwaibia watu.

Wazee wa huku hawatashangaa kusikia mtu amekuwa namba. Enzi za mkonge, katika mashamba ya Korogwe na Tanga nzima, vibarua walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Siku alizofanya kazi ziliandikwa kwenye kipande. Namba ya leo ni ya raia, na faida zake ni nyingi. Lakini jambo moja ni lile lile: namba inakusemea mahali ambapo mwenyewe hupo. Basi ni lazima itunzwe.

NAMBA YENYEWE

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, ilianzishwa mwaka 2008. Namba inayotoa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1961, namba yake huanza na 19610305. Hebu kila mtu atazame ya kwake. Sasa wengi wetu namba ya siri ya pesa za simu ni mwaka wa kuzaliwa! Anayeiona namba yako ya NIDA amekwisha kuuona mwaka huo. Ndugu, tubadilishe leo hii, tusingoje kesho.

Tangu Mei 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa namba hiyo pamoja na alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Nia ilikuwa njema, matapeli wajulikane. Lakini tapeli hataki kujulikana, kwa hiyo anatafuta jina la mtu mwingine. Mara nyingi anatafuta la mzee au la mama wa kijijini asiyefuatilia.

WANAVYOFANYA

Kwanza, kidole. Umefika stendi, msajili yuko chini ya mwavuli. Anakwambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Unaweka mara ya pili, ya tatu. Huenda ni kweli, maana vidole vyetu vimesuguliwa na jembe na mashine hushindwa kuvisoma. Lakini huenda pia umemsajilia laini ya pili, naye ataiuza. Huko iendako itatuma ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeibiwa akishitaki, polisi watamtafuta mwenye laini, na jina watakalolikuta ni lako. Hatusemi wasajili wote ni wezi. Wengi ni vijana wetu wanaotafuta riziki. Tunasema mwenye kidole awe macho.

Pili, kivuli cha kitambulisho. Tunatoa vivuli huku na huku, kile kilichotoka vibaya tunakiacha pale pale dukani. Mwingine anafungia maandazi.

Tatu, rehani. Wakopeshaji wa kausha damu wanashika kitambulisho na kadi ya benki mpaka ulipe. Kwa muda wote huo hujui kinatumika wapi.

Nne, simu. Mtu anapiga, anajua jina lako, anasema, "Tunahakiki wakulima wa ruzuku ya mbolea, nitajie namba ya NIDA na namba ya siri." Ruzuku ya mbolea ipo kweli tangu msimu wa 2022, na ndiyo maana uongo huu unaingia masikioni. Lakini hakuna mbolea inayohitaji namba ya siri ya simu yako.

Jambo hili si la kwetu tu. Jirani zetu wa Kenya, mwezi Juni 2021, walipotazama daftari la Msajili wa Vyama vya Siasa, wengi walikuta wameandikwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Namba ya kitambulisho ilikuwa imetumika bila mwenyewe kuulizwa.

TUFANYE NINI

1. Ukisajili laini, mwambie msajili akuonyeshe kioo cha simu yake kila unapoweka kidole. Akikataa, ondoka. Kumaliza kazi si aibu, na kuondoka si ugomvi.

2. Ukimaliza, piga *106# ufuate maelezo. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenye laini za kampuni mbili apige kwenye kila moja. Hakuna malipo ya kumpa mtu.

3. Ukikuta namba usiyoijua, usinyamaze. Nenda kwenye duka la kampuni hiyo na kitambulisho chako, waifute, kisha toa taarifa polisi. Ukienda wewe kwanza, unakuwa mlalamikaji. Ukingoja wakufuate, utakuwa wa kujieleza.

4. Ukitoa kivuli, andika juu yake kwa kalamu, kwa kukatisha maandishi: "Kwa ajili ya jambo fulani tu", na tarehe. Kilichoharibika kichane.

5. Kitambulisho kikipotea, chukua taarifa ya upotevu polisi, halafu uende ofisi ya NIDA ya wilaya.

6. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

7. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita bwana mkubwa. Ukiwa na shaka kata simu, upige mwenyewe 100 uwaulize kampuni.

Wazee wasiosoma wasiombe msaada kwa kila kijana apitaye. Wachague mmoja wa nyumbani wanayemwamini, na huyo huyo awe daima.

WAJIBU WA CHAMA

Tusiwafundishe wanachama halafu sisi wenyewe tukaacha mlango wazi. Chama kinashika vivuli vya wanachama wote. Basi utaratibu ni huu: vivuli vikae ndani ya kabati lenye kufuli, namba ya mtu isisomwe kwa sauti mkutanoni wala kubandikwa ukutani pamoja na orodha ya malipo, na anayeomba orodha ya wanachama aeleze kwa maandishi anaitakia nini. Si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azitunze na azitumie kwa kazi aliyoziombea. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshika anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mitambo hiyo. Mwanachama akiona utaratibu huu unavunjwa na yeyote, hata kiongozi, aseme mbele ya mkutano.

Ndugu, mali iliyoibiwa hulimwa tena msimu ujao. Jina lililochafuka mbele ya polisi na mbele ya benki huchukua muda mrefu kusafishwa, na mzee wa miaka sabini hana muda wa kupanda gari kwenda na kurudi kituoni. Kwa hiyo tunaomba kila kijana wa chama achukue wazee wawili, awapigie *106# mbele yao, na alete habari mkutano ujao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kamati ya Elimu