Kwa Nini Tangi Letu Bado Halina Samaki

(Mazungumzo yaliyotolewa katika maabara ya shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Tangu asubuhi nimeulizwa swali moja na watu wengi. Tumechanga fedha, tangi la kioo limenunuliwa, limewekwa hapa maabara, lina mchanga, maji na majani. Mbona halina hata samaki mmoja? Wengine wamependekeza atumwe kijana ziwani akavue furu wachache, ili picha ya ukumbusho ipendeze. Kamati imeniomba nijibu, na jibu langu ni kwamba tutangoja wiki sita. Naomba mnivumilie nieleze sababu.

Samaki hutoa uchafu ndani ya maji yale yale anayopumulia. Ziwani uchafu huo humezwa na wingi wa maji. Katika tangi hauna pa kwenda. Uchafu, pamoja na mabaki ya chakula, hutoa amonia, nayo ni sumu inayounguza matamvua. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti. Lakini nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru, na ambayo majani huifyonza kama mbolea. Bakteria hawa huzaana polepole. Huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Mtu akitia samaki siku ya kwanza, amewatia katika nyumba ambayo mfagiaji wake hajafika. Ndiyo maana wengi hununua samaki Jumamosi, huwatupa Jumamosi ya pili, kisha husema kufuga samaki katika kioo ni kazi ya wataalamu.

Kwa hiyo kila siku, katika wiki hizi sita, mwanafunzi wa zamu atatia chembe chache za chakula cha samaki ndani ya tangi hili tupu. Chakula kitaoza, kitatoa amonia, na bakteria watapata riziki. Tutapima maji kwa karatasi za kupimia. Siku amonia na nitriti zitakaposomeka sifuri, ingawa chakula bado kinatiwa, tutajua kwamba nyumba iko tayari.

Elimu hii ina historia ndefu. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria katika chombo kimoja. Majani yalipooza, maji yalichafuka. Akaongeza konokono wa majini, wakala majani yaliyooza, na maji yakatakata. Somo lake ni kwamba samaki, mmea na mla mabaki hutegemeana. Sisi kazi ya konokono tutawapa uduvi.

Sasa vijana, chukueni kalamu. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Basi likijaa huchukua lita 54, na maji peke yake yana uzito wa kilo 54. Ndiyo sababu limewekwa juu ya meza ya saruji. Halikuwekwa dirishani, maana jua kali huleta utelezi wa kijani kwenye vioo. Taa ya saa nane kwa siku inatosha. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae katika ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumika. Kila wiki tutabadili robo ya maji. Sifongo ya chujio isioshwe bombani kamwe, kwani humo ndimo bakteria wanamokaa; ikamuliwe katika maji yaliyotolewa tangini.

Baada ya wiki sita tutatia gapi sita, madume watupu. Gapi jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na huweza kuzaa tena bila dume, kwa hiyo tangi dogo hujaa upesi. Majani yakishasitawi tutatia uduvi kumi. Hao hula utelezi na mabaki, lakini ni dhaifu kuliko samaki: shaba kidogo majini huwaua, na dawa ya mbu ikipulizwa humu chumbani huwaua pia.

Chakula kiwe mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Samaki wengi wa kioo hufa kwa ukarimu kuliko kwa njaa. Umeme ukikatika usiku msiogope sana, maadamu samaki ni wachache. Lakini kumbukeni kwamba gizani majani nayo hutumia oksijeni, hayaitoi.

Na furu je? Furu dume hupigania eneo lake, na lita 54 ni uwanja mdogo mno. Tena samaki huyu anastahili heshima. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na alipoenea katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Baadhi ya aina zimeendelea kuzaliana katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, kwa juhudi za watu waliojifunza kwanza kungoja maji. Kwa sababu hiyo hiyo nawakataza jambo moja: gapi wala uduvi wa tangi hili wasimwagwe ziwani wala mtoni, hata wakizidi. Ziwa letu limekwisha kulipa gharama ya mgeni mmoja.

Limebaki jambo ambalo fedha zetu haziwezi kulinunua. Shule hufungwa Juni na Desemba, na samaki hawaendi likizo. Nawaomba wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaokaa karibu na shule waandike majina yao katika daftari lililo mezani, wawili wawili kwa kila wiki. Majina yasipotimia, mimi nitashauri Kamati tangi libaki na majani tu, kwani hayo huvumilia zaidi. Yakitimia, mkutano wa mwaka ujao utakuta samaki hai, na picha tutapiga siku hiyo. Subira huvuta heri.