Dizeli, Stima na Kisiagi cha Sokoni

Mazungumzo kwa wenye biashara ndogo ndogo

Watu wengi hudhani kwamba bei ya mafuta ni jambo la wenye magari. Mtu asiye na gari husikia habari ya dizeli kupanda, akasema, "Hayo ni ya wakubwa." Lakini katika soko lo lote la Kenya, kuanzia Kitale hadi Voi, iko mashine ya kusaga mahindi, na mashine hiyo haili cho chote ila dizeli au stima. Karibu nayo yuko fundi wa kuchomea vyuma, yuko kinyozi, yuko mama mwenye hoteli ya chai na maandazi, yuko muuza samaki mwenye friji moja. Hao wote hununua nguvu ya kufanyia kazi kabla ya kuuza kitu cho chote. Basi yafaa kuchungua jinsi bei hiyo inavyopangwa, nani huipanga, na namna gani mwenye biashara ndogo anaweza kujilinda.

Kwanza ifahamike kwamba bei ya mafuta katika vituo vya petroli haipangwi na mwenye kituo. Tangu Desemba 2010 Serikali imeweka kikomo cha bei, na mwenye kituo hana ruhusa kukipita. Leo kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, iitwayo EPRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Kila mwezi, tarehe 14, bei mpya hutangazwa, nazo huanza kutumika usiku huo na kudumu mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei hazilingani kila mji, kwa sababu gharama ya kupeleka mafuta Mandera si sawa na ya kuyafikisha Nairobi.

Katika bei hiyo mna mambo matatu. La kwanza ni bei ya mafuta yenyewe yanapofika bandarini Mombasa, ambayo hulipwa kwa dola; shilingi ikidhoofika, mafuta hupanda hata kama huko yanakotoka bei haikubadilika. La pili ni gharama na faida ya waletaji na wauzaji. La tatu ni kodi na ushuru wa Serikali, na hapa ndipo maazimio ya Bunge na ya Wizara huingia moja kwa moja katika mfuko wa msagaji.

Miaka ya karibuni imeonyesha jinsi maazimio hayo yanavyoweza kugeuka. Mnamo Septemba 2018 mafuta yalitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Watu walinung'unika, na kabla mwezi haujaisha ukateremshwa kuwa asilimia 8. Julai 2020 ushuru wa maendeleo ya petroli ulipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5 na senti 40 kwa lita. Tangu Aprili 2021 fedha za namna hiyo zilitumiwa kupunguza makali ya bei, lakini Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa. Julai 2023 VAT ya mafuta ikarudi kuwa asilimia 16. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Haifai kusema kwamba maazimio hayo yote yalifanywa bila sababu. Barabara haziwezi kutengenezwa kwa maneno, na ruzuku si zawadi itokayo mbinguni. Hulipwa na mwananchi yule yule kwa njia nyingine. Lakini azimio laweza kuwa na sababu njema na bado likamwangukia mtu asiyekusudiwa. Mfano wa wazi ni mafuta ya taa. Wafanya biashara wadanganyifu walikuwa wakiyachanganya na dizeli, kwa kuwa yalikuwa rahisi, na mchanganyiko huo uliharibu mitambo ya watu. Mnamo Septemba 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Mwenye lori akapata nafuu, maana dizeli ilikuwa safi. Lakini mama aliyekuwa akipika chai kwa stovu ya mafuta ya taa, ambaye hakuchanganya cho chote na kitu cho chote, alilipa ushuru huo pamoja na wadanganyifu.

Sasa itazamwe hesabu ya kisiagi kimoja. Ichukuliwe mfano wa mwenye mashine atumiaye lita 10 za dizeli kwa siku, akasaga magorogoro 400, na kutoza shilingi 10 kwa gorogoro. Akifanya kazi siku 26 katika mwezi, hupokea shilingi 104,000 na kuchoma lita 260. Katikati ya Agosti 2023 lita ya dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 179 na senti 67. Tarehe 15 Septemba 2023 ikawa shilingi 200 na senti 99. Tofauti ni shilingi 21 na senti 32 kwa lita, yaani shilingi 5,543 kwa mwezi. Katika mwezi mmoja, bila kusaga punje moja zaidi, bila kuajiri mtu, bila kuvunjikiwa na chombo, mwenye kisiagi alipoteza fedha ambazo pengine ni kodi ya chumba chake.

Mtu atauliza, "Kwa nini asiongeze bei ya kusaga?" Swali ni zuri, na jibu lake liko katika sarafu. Ili kurudisha shilingi 5,543 yampasa kuongeza senti 53 tu kwa kila gorogoro. Lakini ni nani sokoni anayelipa kwa senti? Hana budi kuongeza shilingi nzima, na sarafu za shilingi moja nazo huleta shida ya chenji; au apandishe shilingi 5, yaani nusu ya bei nzima. Mteja atasema, "Mama, jana ilikuwa kumi," kisha atajitwika mahindi yake aende kwa jirani. Kiwanda kikubwa cha unga chaweza kuongeza senti chache katika kila pakiti na mnunuzi asitambue. Msagaji wa sokoni hawezi. Kwa hiyo bei ya dizeli hupanda kwa senti, lakini bei yake hupanda kwa hatua kubwa au haipandi kabisa; na katikati ya hatua hizo hasara ni yake peke yake.

Iko tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo yahusu kodi. Mfanya biashara aliyeandikishwa kulipa VAT hutoa katika hesabu yake ushuru alioulipa aliponunua vitu vya kazi, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Lakini sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliwataka waandikishwe wale ambao mauzo yao hufika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Aliye chini ya hapo, asiyeandikishwa, hawezi kudai cho chote. Ushuru anaoulipa katika bili ya stima na katika dizeli hubaki kwake kama jiwe ndani ya gunia.

Tena uko ushuru wa mauzo, unaowahusu wafanya biashara wadogo. Ulirudishwa Januari 2020 kwa asilimia 3, ukateremshwa kuwa asilimia 1 Aprili mwaka huo wakati wa maradhi ya korona, kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaupandisha tena hadi asilimia 3 kwa wale wenye mauzo ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Uzuri wa ushuru huu ni wepesi wake: hauhitaji hesabu ndefu. Ubaya wake ni kwamba hutozwa juu ya mauzo yote, wala si juu ya faida. Yule mwenye kisiagi hupokea shilingi 1,248,000 kwa mwaka, basi yumo. Kwa asilimia 1 alilipa shilingi 1,040 kwa mwezi. Kwa asilimia 3 ni shilingi 3,120. Dizeli ikila nusu ya mapato yake, ushuru haupungui hata senti, kwa sababu hauulizi dizeli imekula nini. Ukijumlisha ongezeko hilo la ushuru na lile la dizeli, ni zaidi ya shilingi 7,600 kila mwezi zilizotoka katika mfuko mmoja mdogo mwaka ule wa 2023.

Wengine husema, "Dawa ni kuacha dizeli na kutia stima." Kwa wengi shauri hilo ni jema. Mota haina moshi, haina kelele nyingi, wala haihitaji mtu kubeba mitungi kutoka kituoni. Kenya nayo ina bahati ambayo nchi nyingi hazina: mvuke wa ardhini wa Olkaria, ulioanza kuzalisha stima mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, sasa ndio chanzo kikubwa kuliko vyote katika nchi, na huko Marsabit mitambo 365 ya upepo ina uwezo wa megawati 310. Hata hivyo, bili ya stima nayo yataka kusomwa. Ndani yake hamna bei ya yuniti peke yake. Mna gharama ya mafuta yachomwayo katika mitambo ya dizeli, ambayo hubadilika kila mwezi, mna marekebisho ya bei ya fedha za kigeni, mna ushuru wa kupeleka stima mashambani, na VAT. Mvua ikikosekana na mabwawa kupungua, mitambo ya mafuta hutumika zaidi, na mwenye mota hulipa mafuta bila kuyaona. Wazee wa biashara hawajasahau mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji mabwawani na stima ikagawanywa kwa zamu.

Bei yenyewe ya yuniti pia hugeuka kwa amri. Januari 2022 iliteremshwa kwa asilimia 15. Aprili 2023 viwango vipya vikaipandisha. Desemba 2017 viwanda vinavyonunua stima nyingi vilianza kupewa nusu bei kwa stima ya ziada itumiwayo usiku. Mpango huo ulipoanza haukumfikia fundi wa kuchomea, ingawa naye angeweza kufanya kazi usiku. Na tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipokatika karibu nchi nzima, kiwanda kikubwa kiliwasha jenereta. Kinyozi alifunga mlango, na muuza samaki akahesabu hasara kufikia asubuhi.

Kutokana na habari hizi yaonekana kwamba kinachomwumiza mwenye biashara ndogo si bei kubwa peke yake, bali pia bei isiyotulia. Gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikawa asilimia 8 Julai 2022, kisha ikaondolewa Julai 2023. Mama mwenye hoteli aliyeacha makaa akanunua mtungi na jiko la gesi mwaka 2020 aliona bei ikigeuzwa mara tatu kabla jiko lake halijazeeka. Mtu akijua mzigo utakuwa wa kilo ngapi, huweza kujiandaa kuubeba. Serikali inayotaka watu waache makaa na dizeli yapasa kukumbuka kwamba maskini hanunui chombo kipya kwa ahadi ya mwaka mmoja.

Yako mambo ambayo mwenye biashara mwenyewe anaweza kuyafanya. La kwanza, aandike. Kila jioni aandike lita alizochoma au yuniti alizotumia, na kazi aliyoifanya. Msagaji aonaye kwamba jana alisaga magorogoro 40 kwa lita moja, na leo 32, atatambua kwamba chujio limechakaa au nyundo zimekwisha makali. Na kuvibadilisha kwaweza kumfaa kuliko kungoja bei ishuke.

La pili, atunze risiti. Sheria humruhusu alipaye ushuru wa mauzo kumwandikia Kamishna wa Kodi kwamba anapenda kutozwa kodi ya mapato ya kawaida, ambayo huhesabiwa juu ya faida baada ya kutoa gharama. Kwa yule ambaye dizeli hula sehemu kubwa ya mapato, njia hiyo yaweza kuwa na nafuu. Lakini haimfai asiye na vitabu, na tangu Januari 2024 gharama zinatakiwa kuthibitishwa kwa risiti za mtambo wa eTIMS. Afanye hesabu zote mbili kwanza, ndipo achague.

La tatu, wasagaji wa soko moja wakutane na kupatana siku ya kubadilisha bei, waieleze mapema kwa wateja, badala ya kila mmoja kumngoja mwenzake afe kwanza. La nne, wasikae kimya. Kabla ya viwango vya stima kubadilishwa, EPRA hupokea maoni ya watu. Na kabla ya Sheria ya Fedha kupitishwa kila mwaka, Bunge hupaswa na Katiba ya mwaka 2010 kuwasikiliza wananchi. Viwanda vikubwa hupeleka mawakili na karatasi zenye hesabu. Ni vigumu kwa mbunge kuijua hesabu ya gorogoro asipoletewa na mwenye gorogoro.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kisiagi kikifungwa, hasara haiishii kwa mwenyewe. Kijana wa kazi hukosa mshahara, na akina mama wa kijiji hutembea maili mbili zaidi na mahindi kichwani. Kwa hiyo daftari la msagaji na kitabu cha Waziri wa Fedha ni vitabu vya jambo moja, na yafaa kila mmoja asomwe na mwenzake.