Mguu Ukivimba Baada ya Upasuaji wa Mshipa: Mazungumzo na Wakazi wa Butali

 

Mimi si daktari. Ni afisa wa habari wa kaunti. Leo nazungumzia wenzetu waliofanyiwa upasuaji kwa sababu mshipa wa damu mguuni umeziba. Daktari hutumia mshipa mwingine wa mgonjwa, au mrija maalum, kuipa damu njia ya kando, kama lori la miwa linavyozunguka pale daraja linapofungwa. Mishipa huziba zaidi kwa wavutaji sigara na wenye kisukari au shinikizo la damu.

Mgonjwa akirudi nyumbani, mguu huvimba. Jirani mmoja husema upasuaji umeharibika, mwingine husema amerogwa. Sivyo. Mara nyingi ni damu iliyorudi kwa wingi mahali ilipokuwa imepungua, tena mishipa midogo ya kuondoa maji mguuni iliguswa na kisu. Uvimbe huo huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili au mitatu, kuisha.

Ukikaa, weka mguu juu ya kiti au mto. Usiuning'inize kwa muda mrefu. Tembea kidogo kidogo kila siku kama ulivyoelekezwa. Usifunge bendeji wala kuvaa soksi za kubana kabla ya kumuuliza daktari, kwa kuwa zinaweza kuminya njia mpya ya damu. Usikande kwa maji moto. Usimeze tembe za jirani za kupunguza maji mwilini, wala usiache dawa ulizopewa hospitalini.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mguu ukiwa baridi, ukipauka au ukifa ganzi, huenda damu imekwama, na saa chache tu zaweza kuamua kama mguu utaokolewa au utakatwa. Shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda. Ukianza kushindwa kupumua, ni hatari zaidi. Kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, pia usikae nyumbani. Usingoje kupambazuke. Tafuta gari, beba karatasi za upasuaji, nenda Hospitali ya Malava.

Nanyi wahudumu wa afya ya jamii, mkimtembelea mgonjwa msiishie kumuuliza anaendeleaje. Gusa miguu yote miwili, ulinganishe joto. Mkono wako unaweza kuokoa mguu wa mwenzako.