KIJANA WA BUKOBA, MTOTO HUYU SI WA MAMA YAKE PEKE YAKE

(Maneno haya yalitolewa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Kashai, Bukoba mjini. Tunayachapa kama yalivyosemwa – Mhariri)

 

Sikuja kuomba kura wala mchango. Nimekuja na swali moja tu. Wewe uliyekaa juu ya pikipiki yako, wewe muuza mitumba, wewe uliyepandisha dagaa juzi: mtoto akizaliwa na ulemavu mtaani kwako, wewe unahusika vipi?

Najua jibu la kijiweni. "Hayo ni mambo ya akina mama." Mwingine atasema ni kazi ya Mungu. Mwingine atanong'ona kwamba ukoo wa mama una laana. Basi, kesi imefungwa! Baba anahama chumba, kisha anahama mtaa, mwisho unasikia yuko Mwanza na mke mwingine. Mama anabaki na mtoto mgongoni miaka mitano, miaka kumi, hadi mgongo wake naye unakataa. Sisi huku tunabishana Simba na Yanga.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Wewe dereva wa bodaboda ndiye unayelijua neno hilo kuliko profesa. Asubuhi unatoka na miguu miwili, jioni hujui utarudi na mingapi. Kwa hiyo usimwangalie mtoto yule kama mgeni. Yule ni jirani yako, na kesho waweza kuwa mwenzake.

YA KAMACHUMU TUSIYASAHAU

Mei 30, 2024, katika Kijiji cha Bulamula, Kata ya Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa kike mwenye ualbino, umri wake miaka miwili na nusu, aliporwa mikononi mwa mama yake. Juni 17 mwili wake ukapatikana, baadhi ya viungo vimekatwa. Mwezi huohuo polisi wakatangaza kuwakamata watu tisa, baba mzazi wa mtoto akiwa mmojawapo. Nani ana hatia ni neno la mahakama, si langu.

Lakini lipo neno ambalo ni letu. Mtoto mwenye ulemavu akiachwa kuwa mzigo wa mama peke yake, anakuwa mtoto asiye na ukuta. Kila mwenye tamaa anaona mlango uko wazi. Ukuta wa mtoto si matofali. Ukuta wake ni baba, ni wajomba, ni majirani wanaojua jina lake na wanaouliza asipoonekana siku mbili. Mganga tapeli anayedanganya kwamba kiungo cha binadamu kinaleta utajiri hawezi kupita katika ukuta wa namna hiyo. Na kama utajiri ungekuja hivyo, mbona waganga wenyewe wanalala kwenye vibanda vya nyasi?

MUDA NDIYO DAWA

Sasa tuje kwenye msaada wenyewe. Watu wengi hudhani hakuna msaada kabisa. Upo, ila umetawanyika, na una saa yake. Ukichelewa, mlango unafungwa.

Chukua mguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Kwa wastani hutokea kwa mtoto mmoja katika kila elfu moja hivi. Mtoto akifikishwa hospitali katika wiki zake za kwanza, mguu unanyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto huvaa viatu maalumu usiku mpaka afike miaka minne au mitano. Basi! Anatembea, anacheza mpira, anakuja kuendesha bodaboda kama wewe. Samaki mkunje angali mbichi. Ukimwacha hadi afike darasa la tatu, hapo ndipo pana visu, gharama na machozi.

Chukua kichwa kikubwa. Watu husema "kajini". Si jini, ni maji yaliyokosa njia ya kutoka kwenye ubongo. Daktari huweka mrija wa kuyapitisha, au hufungua njia ndani kwa ndani. Kila wiki inayopita, ubongo unabanwa. Mtoto aliyezungushwa kwa waganga miezi sita anaweza kupona maji lakini asiyaone macho ya mama yake tena.

Chukua mgongo wazi. Sehemu ya tatizo hili huzuilika mama akiwa na foliki asidi ya kutosha kabla ya mimba na mwanzoni mwake. Tangu mwaka 2011 serikali iliagiza viwanda vikubwa viongeze virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Vizuri sana! Ila sisi huku mlo wetu ni ndizi, na ndizi haipiti kiwandani. Kwa hiyo wewe unayetaka mtoto, nenda na mwenzako zahanati mkaulize vidonge hivyo mapema, kabla tumbo halijaonekana.

Na mtindio wa ubongo? Hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia dawa hiyo ni mwizi. Lakini mazoezi ya viungo, kukalishwa vizuri na kulishwa vizuri vinaweza kutofautisha mtoto anayelala chali maisha yote na mtoto anayekaa, anayecheka na anayekwenda shule.

MILANGO YA KUGONGA

Mlango wa kwanza ni kliniki ya mtoto iliyo karibu nawe. Kutoka hapo, mtu wa Muleba ana hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage. Mtu wa mjini ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukoba. Omba barua ya rufaa na usitoke bila hiyo barua. Hospitali ya kanda ni Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, halisubiri tena kivuko. Dar es Salaam kuna MOI pale Muhimbili kwa vichwa vikubwa na mgongo wazi, na kuna CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, yenye jina kwa miguu kifundo na midomo sungura. Na sisi wa mpakani tusisahau Mbale, Uganda. Hospitali ya watoto ya CURE ya huko inajulikana duniani kwa kutibu vichwa vikubwa kwa njia isiyohitaji mrija kwa watoto wengi. Unavuka Mutukula, unapita Kampala, umefika.

Utaniuliza, fedha iko wapi? Swali la mlalahoi, na ni swali halali. Kwanza, sera ya nchi ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika hospitali za umma. Pili, asiye na uwezo ana haki ya kuombewa msamaha wa gharama, na mtu wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii. Yupo hospitalini, na yupo halmashauri. Mama wengi hawajui kwamba mtu huyo yupo. Wanauza kipande cha kibanja kwanza, wanakuja kuambiwa baadaye!

Tatu, kaya maskini huingizwa TASAF kupitia mkutano wa kijiji au mtaa. Kama nyumba yenye mtoto wa namna hii haikutajwa mkutanoni, ni kwa sababu wewe hukwenda, au ulikwenda ukanyamaza.

Shule je? Hapahapa Bukoba, Mugeza, ipo Shule ya Msingi Mugeza Mseto, inayosomesha pamoja watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu, wakiwemo wasioona na wenye ualbino. Mugeza hiyohiyo ipo shule ya watoto viziwi. Mtoto kiziwi si mjinga. Ana lugha yake, Lugha ya Alama, na akiipata mapema kichwa kinafunguka. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Lakini nakuonya: bweni si jalala. Usimpeleke mtoto Januari ukasahau kwamba Juni kuna likizo.

Karagwe kuna mpango wa utengemao katika jamii unaojulikana kama KCBRP, ambao watu wake humfuata mtoto nyumbani badala ya kungoja aletwe. Wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi wana chama chao, ASBAHT. Wenye ualbino wana TAS. Viziwi wana CHAVITA. Mzazi akikutana na mzazi aliyepita njia hiyo, nusu ya mzigo imetuliwa. Na ukiona mtoto amefichwa, amefungwa kamba au anapigwa, piga 116. Ni bure.

TUWAULIZE WAKUBWA

Sasa niseme la siasa, maana gazeti letu halina haya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako: kamati iko wapi? Wajumbe ni akina nani? Walikutana lini? Akikuna kichwa, umepata jibu.

Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa, kwa sababu fedha nyingi zilikopeshwa zikayeyuka. Mwaka wa fedha 2024/25 ikarudi. Nani alizila zile za kwanza? Mtoto wa Kamachumu hakuzila!

Piga hesabu nami. Halmashauri ikiwa na mapato ya ndani ya shilingi bilioni 5 yanayohusika na utengaji huo, asilimia 2 yake ni milioni 100. Kwa mwaka mmoja! Ni vyerehani vingapi, kuku wangapi, baiskeli za magurudumu matatu ngapi? Mtoto hawezi kukopa, najua. Lakini mama zao wakiungana wanaweza kuunda kikundi katika ile asilimia 4 ya wanawake, na baba zao, kama bado wapo, katika ile ya vijana. Kikao cha baraza la madiwani kiko wazi kwa wananchi. Nenda ukae, usikilize, uulize nje wakitoka. Anayepita na shangingi lake atapunguza mwendo akijua unajua tarakimu.

Chama changu na chama chako katika hili ni kimoja. Lakini chama chochote kitakachokuja Kagera, mkoa wenye watu karibu milioni tatu, kikihutubia saa mbili bila kumtaja mtoto huyu, kizomee. Hata kikiwa chetu.

KAZI YAKO WEWE

Nimalizie kwa kazi, maana maneno peke yake hayavunji mfupa.

Wewe baba kijana: usikimbie. Ukikimbia, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mama njia ya kukudai matunzo mahakamani, na afisa ustawi wa jamii anaweza kumsaidia kukudai. Lakini nisikutishe kwa sheria. Mtoto anayekujua kwa harufu ya jasho lako hana haja na wakili, ana haja na wewe.

Nyinyi wa bodaboda: kila kijiwe kichague siku moja kwa wiki ya kumpeleka mama na mtoto wake mazoezini bila nauli. Kwa madereva ishirini, zamu yako inakuja mara moja katika wiki ishirini. Hiyo itakufilisi?

Wewe kaka, wewe mjomba: siku ya kwenda hospitali mbebe mtoto wewe. Pita naye katikati ya stendi mchana kweupe. Wanaotaka kucheka wacheke mara moja, wiki ijayo watachoka. Mwanamume akimbeba mtoto yule hadharani, laana inayosemwa kijiweni inakufa siku hiyohiyo.

Na wote: kila mmoja ataje moyoni nyumba moja anayoijua yenye mtoto wa namna hii. Usiniambie huijui. Umeipita leo asubuhi ukija hapa. Kesho usiipite tena. Bisha hodi, muulize mama: mtoto amefika wapi, barua ya rufaa iko wapi, na lini safari. Kisha umsindikize.

Kidole kimoja hakivunji chawa.