Masikio ya Mpulizaji: Kulinda Usikivu Msimu wa Salfa, Masasi na Newala



Vitabu vya afya vya nchi za baridi huwahimiza watu wafunike masikio majani yanapoanza kupukutika. Ushauri huo tukiuchukua mzimamzima hautatufaa, maana kalenda ya masikio ya huku kwetu inaanza kwingine. Inaanza mvua zinapokatika mwezi wa tano. Kipupwe kinapanda uwanda wa juu wa Newala, kule Masasi vumbi linatimka barabarani, mafua yanaingia majumbani, na muda si mrefu mikorosho inachanua. Ikichanua, ugonjwa wa ubwiriunga nao haukawii, na mashine za kuupulizia salfa zinawashwa.

Nitaanza na mashine, kwa sababu ndizo zisizosemwa.

Kila aliyemo humu anajua salfa inavyowasha macho. Mpulizaji hufunga kitambaa puani, na akijaliwa hupata miwani. Masikio hubaki wazi. Injini ya petroli iko mgongoni, chini kidogo ya kisogo, kwa hiyo hakuna namna ya kuikimbia: aendako nayo ipo. Mashine za aina hii kwa kawaida hutoa kelele inayozidi desibeli 90 kwenye sikio la mbebaji, na nyingine hukaribia 100. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2, kwenye 94 ni saa moja, kwenye 97 ni nusu saa, na kwenye 100 ni dakika 15 tu.

Sasa pigeni hesabu ya kijana wa kukodiwa. Anaingia shambani alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, kwa kuwa ndivyo salfa inavyoshika. Anatoka jua limekolea. Leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule, na baada ya wiki mbili tatu anarudi alikoanzia kwa duru nyingine. Mkulima mwenye miti michache anapuliza yake anapumzika. Huyu anayelipwa kwa kadiri ya miti hana sababu ya kupumzika, na ndiye ninayemsemea leo.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Kelele huzichosha kwanza, kisha huziua, na zikifa hazioti nyingine. Hakuna dawa ya kuzirudisha, iwe ya hospitali au ya porini. Dalili ya mwanzo ni mlio: anazima mashine, masikio yanaendelea kuvuma hadi jioni. Asubuhi mlio umekwisha naye amesahau. Misimu ikipita anaanza kupoteza sauti nyembamba, zile za watoto na zile za herufi kama s na f. Anasikia kwamba mkewe anaongea, ila maneno hayapati. Nyumbani huonekana ana dharau. Ndoa ngapi zimeingia ugomvi kwa jambo hili sijui, lakini masikitiko ya namna hiyo wahudumu wa afya mnayasikia.

Kinga ipo na si ya gharama kubwa. Vizibo vya sponji hupunguza kelele vizuri vikivaliwa inavyotakiwa: unakisokota kwa vidole hadi kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, unakisukuma ndani, unakishikilia mpaka kivimbe. Tatizo la kwetu ni kwamba vidole vya mpulizaji vimejaa salfa, na akisokota kwa vidole hivyo anaitia sikioni mwenyewe. Ndiyo maana mimi napendelea vifuniko vya kuvaa kichwani, vile vinavyofunika sikio zima. Huvaliwa na kuvuliwa bila kugusa ndani. Pamba ya dukani au kipande cha khanga ni kujidanganya, kelele inapita. Na kama hamna kifaa cha kupimia kelele na mkataka kujua hatari ya mahali, simameni umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzenu. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, kelele hiyo inadhuru.

Kwa watoto, msimu huu adui ni mafua. Baridi peke yake haileti usaha, ingawa bibi zetu wameishutumu miaka yote. Mrija unaounganisha pua na sikio kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala, kwa hiyo uchafu wa mafua hupanda kwa urahisi. Sikio likitoa usaha, msimwagie mafuta ya moto, maziwa ya mama wala maji ya majani. Chukueni kitambaa safi laini cha pamba, kisokotwe kama utambi, kiwekwe sikioni hadi kilowe, kitolewe, kiwekwe kingine safi, hivyo hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Fanyeni angalau mara tatu kwa siku, na mtoto apelekwe zahanati akapate dawa, maana utambi peke yake hautoshi. Usaha uliofikisha siku 14 si wa kusubiri tena. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni wa kukimbiza hospitali siku hiyohiyo, iwe Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya Newala.

Nta ya sikio iacheni. Hutoka yenyewe. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na hata vijiti vya pamba huishindilia ndani, na vingine hutoboa ngoma ya sikio.

Minada ya korosho ikishafanyika na fedha zikaingia, zinafuata sherehe. Sina ugomvi na jando wala unyago, nimelelewa humo. Ugomvi wangu ni spika zilizopangwa kama ukuta na watoto wamekaa mbele yake usiku kucha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100. Mwenye shughuli anaweza kuzigeuza spika zisiwaelekee watoto, na kuwasogeza nyuma. Hilo halihitaji bajeti.

La mashine linahitaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga, lakini kijana anayepuliza mashamba ya watu kumi hana mwajiri wa kumshika shati. Naona anayeweza kuziba pengo hilo ni chama cha msingi cha ushirika, kwa kuwa ndicho kinachowajua wapulizaji kwa majina na ndicho kinachopitisha pembejeo. Viongozi wa vyama, orodha ya mahitaji ya msimu ujao mnaiandaa wenyewe. Chini ya salfa na mashine, andikeni vifuniko vya masikio, kimoja kwa kila mpulizaji, na mvigawe kabla mashine ya kwanza haijawashwa.