Mtoto wa mbwa na uchafu nyumbani: tulikosea, tukaanza upya

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Tongaren)



Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala michango ya kikundi. Tunazungumza juu ya mtoto wa mbwa. Mtacheka, lakini ngojeni kidogo. Hapa kwetu Tongaren maboma mengi yana mbwa, maana mahindi yakishavunwa lazima yalindwe. Na mahindi hayo hayo tunayaanika uani, pale pale watoto wanapocheza. Mbwa asipofundishwa mahali pa kwenda haja, uchafu wake unaishia kwenye turubai, jikoni, na mikononi mwa watoto.

Sisi tulijifunza kwa makosa. Jirani alitupa mtoto wa mbwa wa majuma manane hivi, tukamwita Simba. Usiku tulimlaza jikoni kwa sababu ya baridi. Asubuhi ya kwanza tukakuta kinyesi kando ya mafiga. Tukamkamata, tukamsukumia pua pale pale, tukamchapa. Ndivyo tulivyoona wazee wakifanya. Siku ya pili, vivyo hivyo. Baada ya juma moja hatukuona uchafu tena, tukafurahi tukisema, amejua! Kumbe alijua jambo lingine: kwamba akionekana anakwenda haja, atapigwa. Basi akawa anajificha nyuma ya magunia ya mahindi. Tulitambua siku tulipomkuta mtoto wetu mdogo ameketi huko nyuma, mkono umejaa uchafu, anaupeleka mdomoni. Siku hiyo hakuna aliyemlaumu mbwa.

Kwa nini tuliogopa? Watoto wa mbwa wengi huwa na minyoo. Huipata kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa, na tena katika maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi. Yakikaa udongoni majuma mawili au zaidi, yanakuwa tayari kumwambukiza mtu, na yanaweza kudumu humo miezi mingi. Mtoto akiyala, viluwiluwi vya minyoo husafiri mwilini hadi kwenye ini, mapafu, na mara nyingine jicho, hata kumharibia macho. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, tunakata njia ya ugonjwa kabla haijafunguka.

Tulipokaa chini kufikiri, tuliona makosa yetu matatu.

Kwanza, tulimwadhibu wakati umekwisha kupita. Mbwa akichapwa asubuhi kwa jambo la usiku, hajui kosa ni lipi. Anajua tu kwamba mkono wa mtu unaumiza. Na mbwa anayeogopa mkono, kesho huuma.

Pili, tulimfungia usiku kucha. Mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia muda mrefu hivyo, hata akitaka.

Tatu, tulifagia tu, harufu ikabaki. Mbwa hurudi pale panaponuka haja yake.

Basi tukaanza upya, hivi:

1. Tulichagua pembe moja ya boma, mbali na kisima, bustani ya sukuma wiki na mahali pa kuanikia. Tukaweka hapo kinyesi chake kidogo, apajue kwa harufu.

2. Tulimpeleka hapo kila alipoamka, kila alipomaliza kula au kucheza, na kabla ya kulala. Usiku mmoja wetu aliamka mara moja kumtoa. Tulimlisha kwa saa zile zile, maana chakula kikiwa na saa, haja nayo huwa na saa.

3. Alipomaliza tu, papo hapo tulimsifu na kumpa kipande cha ugali. Tukingoja mpaka turudi mlangoni, anafikiri anasifiwa kwa kurudi.

4. Tukimkuta anaanza ndani, tulipiga makofi kidogo kumshtua, tukambeba hadi pembeni. Tukikuta amekwisha maliza, tulisafisha tukanyamaza.

5. Ndani, palipochafuka tulikwangua udongo, tukautupa, tukasiriba upya. Kwenye saruji tuliosha kwa sabuni na maji mengi.

6. Kila jioni tuliokota kinyesi kwa jembe na kukifukia futi moja chini. Hatukukichanganya na samadi ya mboga. Kisha tulinawa mikono kwa sabuni.

Jambo gumu halikuwa mbwa, ilikuwa sisi wenyewe. Mmoja alimsifu, mwingine bado alibeba fimbo, na Simba akachanganyikiwa. Tulipokubaliana nyumba nzima, hata watoto, mambo yakaanza kwenda. Tena mvua iliponyesha hakutaka kutoka, akachafua ndani mara mbili. Hatukurudia fimbo. Tuliongeza kumtoa. Baada ya miezi miwili hivi alikuwa anakwenda mwenyewe pembeni.

Msisahau dawa. Muulizeni daktari wa mifugo dawa ya minyoo: mtoto wa mbwa huanza akiwa na majuma mawili, kisha kila majuma mawili hadi baada ya kuachishwa kunyonya. Akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, na kila mwaka arudiwe. Ugonjwa huu umejulikana Kenya tangu 1912 na bado unaua. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kama mmekwisha kumchapa mbwa wenu, msikate tamaa. Simba alikuwa amejifunza kujificha, naye akajifunza upya. Leo turubai letu ni safi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika boma lenu, mbwa huenda haja wapi, na watoto huchezea wapi?

2. Ni nani nyumbani atakayemtoa mtoto wa mbwa asubuhi, na nani usiku?

3. Je, kikundi chetu kinaweza kumwita daktari wa mifugo siku moja, mbwa wetu wote wachanjwe pamoja?