Kioo cha Mlango Kikipasuka

Msikilizaji wetu wa Haneti, jiwe likipiga kioo cha mlango wa gari, hakibaki na ufa kama cha mbele. Kinamwagika chote, punje punje, kwa kuwa kimeimarishwa kwa moto. Wengi hubandika nailoni, na vumbi la Chamwino linaendelea kuingia. Kazi ya kubadilisha kioo hicho unaiweza nyumbani.

Ukienda kununua kioo kwa wauza spea za mtumba Dodoma mjini, taja aina ya gari, mwaka, na mlango wenyewe. Kioo cha kushoto hakiingii kulia.

Vaa glavu nene na miwani, chomoa waya hasi wa betri. Skrubu nyingi zimejificha nyuma ya kitasa na kwenye egemeo la mkono; zifungue. Kisha bandua ubao wa mlango taratibu, klipu moja moja. Klipu kuukuu huvunjika kwa kutazamwa tu. Nailoni iliyo nyuma ya ubao usiitupe, ndiyo inayozuia maji.

Sasa punje. Hapa usiwe na haraka. Zitoe zote, hasa chini kwenye vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, mvua za Desemba zitaozesha bati.

Kioo kipya kiingie kimeinama, mbele kwanza, kikae kwenye reli zenye raba. Kifunge kwenye mashine yake ya kukipandisha, lakini boliti usizikaze kama za tairi. Rudisha waya wa betri, kipandishe na kukishusha kabla ya kurudishia ubao. Kikikwaruza, legeza, sogeza, kaza tena.